Fundi Pekupeku na Mlio wa Mteremkoni

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa ya kufunga kazi, fundi wetu mkuu atakabidhi spana zake na kustaafu. Ameitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho, lakini ukimwulizia kwa jina hilo getini utaambiwa hayupo. Sisi tunamjua kama Pekupeku.

Jina lenyewe alijitafutia. Alianza hapa akiosha magari, akapanda hadi kwenye breki, kisha giaboksi, na mwishowe akaachiwa magari yote yenye milio isiyoeleweka. Utaratibu wake ni mmoja. Huvua viatu akaviacha mlangoni pa ofisi, huketi kiti cha nyuma na kukanyaga sakafu ya gari kwa nyayo tupu, mwenye gari akiendesha. Redio hufungwa. Kuongea marufuku, na mtu wa tatu hapandi. Husema kwamba sikio hudanganywa na upepo, lakini unyayo haudanganyiki. Wateja wageni wakiviona vile viatu mlangoni nao huvua vyao, wakidhani ni amri ya ofisi.

Sifa zake nyingine wenzangu watazitaja kwenye hafla. Mimi, mtunza stoo, nimeomba nisimulie kisa kimoja tu, kwa kuwa nilikuwamo ndani ya gari.

Miaka kumi na moja iliyopita, mkunga wa zahanati ya mlimani alinunua gari la zamani, la kustahili shikamoo. Kila alipoteremka nalo kuwapeleka wagonjwa hospitali, kitu kiligonga chini ya sakafu: ngo, ngo, ngo, kisha kimya. Karakana moja ilimbadilishia beringi za magurudumu. Nyingine ikalaumu difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Mlio ukabaki palepale, akaja kwetu.

Pekupeku alilipanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari lilikwenda kama limetiwa siagi. Meneja akasema mama wa watu anasikia mambo, gari ni zima, apewe ufunguo wake. Pekupeku akautia ufunguo mfukoni na kukataa. Sababu hakuwa nayo, ila alisema mtu mzima hatoki mlimani kuja kulalamikia kitu kisichokuwapo.

Kesho yake asubuhi mkunga alishuka kwenye pikipiki akihema. Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa ameshikwa na uchungu kule juu, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Lazima ashushwe hospitali, na kule hakuna gari jingine. Gari letu la kuvutia magari mabovu lilikuwa limefuata lori lililoharibika mbali. Meneja akapiga meza akitaka ufunguo utolewe sasa hivi. Mkunga alilia waziwazi, akimwambia Pekupeku, "Baba, nipe gari langu! Mkamwana wangu akinifia, utanijibu nini?"

Tuliogopa sote. Pekupeku alikuwa akitiririka jasho, mkono umeng'ang'ania mfuko. Akamwuliza jambo moja tu: anapousikia mlio, huwa amepakia watu wangapi? Mkunga akajibu kwa hasira kwamba nyuma huwa na watatu, mgonjwa na ndugu zake, na akiwa peke yake haulii.

Pekupeku alijipiga kofi kwenye paji la uso. Ile sheria yake ya kutopakia mtu wa tatu ndiyo iliyomficha mlio. Siku zote alikuwa akipima gari jepesi.

Akatutazama kama mnunuzi wa ng'ombe, akachagua mhasibu, mlinzi na mimi. Hakueleza kwa nini sisi, wala hatukuuliza. Tukabanana nyuma, yeye akakaa mbele na nyayo zake, mkunga akashika usukani, tukateremka kibarabara cha nyuma ya karakana, polepole. Mkunga alipoondoa mguu kwenye mafuta, ukaja. Ngo. Ngo. Kisha pigo moja lililotupandisha hadi darini. Mhasibu akaanza kusali kwa sauti. Pekupeku alimpigia mkunga kelele asimame, na kabla hajamaliza kusema yeye mwenyewe alikuwa amekwisha vuta breki ya mkono.

Chini ya gari tuliikuta propela, ile nguzo ya chuma inayozungusha magurudumu ya nyuma, imebaki kushikiliwa na bolti moja iliyolegea. Kiungo chake cha mbele kilikuwa kimesagika. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, hivyo gari likilemewa linabonyea, propela inakaa upande na kugonga. Ule mteremko wa mlimani ungemaliza kazi. Propela ingeanguka ikachimba barabara, na gari lingepinduka na mama mjamzito akiwa ndani.

Meneja aliitazama ile bolti. Akaenda akaleta ufunguo wa gari lake jipya, lile ambalo hata kuliegemea ilikuwa kosa, akampa mkunga mkononi. Mtoto alizaliwa hospitali jioni ile, wa kike, salama na mama yake. Viti vya gari havikurudi na rangi yake ya mwanzo, na meneja hajawahi kulalamika.

Tangu hapo kuna magunia matatu ya mchanga pembeni mwa karakana, na gari lenye mlio halitoki bila kupimwa likiwa na mzigo. Yanaitwa Mhasibu, Mlinzi na Stoo. Langu ndilo kubwa. Mafundi vijana wanayapakia bila kujua kwamba wanatubeba sisi.

Haya, kasoro zake nazo tuseme: huimba vibaya, na spana namba kumi na tatu ya stoo anayo yeye. Airudishe kabla ya Ijumaa.

Ahsante, kaka yetu, kwa ukaidi wako wa siku ile na kwa kazi ya siku nyingine zote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mapumziko yasiyo na kelele.

Mkunga ameomba yeye ndiye ampeleke Pekupeku nyumbani, kwa gari lile lile. Nyuma watakaa watatu: mkamwana, binti yake ambaye sasa yuko darasa la tano, na Pekupeku katikati. Tumemwuliza kama viatu aviache mlangoni kama kawaida. Amesema hapana, safari hii atavivaa.