Nyuma ya Kisogo

Saa nne asubuhi, kabla jua la Broken Hill, Australia, halijaanza kuuma, benchi lililo mbele ya duka la mikate la Noreen lina wenyewe. Ni wastaafu watatu wa mgodi. Ken Pascoe aliyekuwa fundi umeme wanamwita Fyuzi. Drago alikuwa mlipua miamba, kwa hiyo ni Baruti. Clarrie Trevaskis, aliyeshika drili miaka thelathini na moja, hana jina la utani. Siku hiyo alikuja na hedifoni nyeusi, kubwa kama vibakuli viwili, zawadi ya siku ya kuzaliwa kutoka kwa binti yake aliyeko Perth. Boksi lilisema zinatoa sauti pande zote. Zilikuja na rekodi ya kujaribia: mwanamke mwenye viatu vya visigino anakuzunguka, kisha anagonga mlango nyuma yako.

Drago alizivaa, akafumba macho. Baada ya muda akageuka kutazama dirisha la Noreen.

— Nani kagonga?

— Hakuna mtu, Baruti. Ndizo hizo.

— Basi humu wameficha spika saba. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ziko mbili tu, alisema Fyuzi. Sikiliza. Mtu akikuita kutoka kulia, sauti inalifikia sikio la kulia kwanza. Kwa la kushoto inachelewa kidogo, tena inafika imefifia kwa sababu kichwa kimekinga. Na hivi vikunjo vya sikio vinaigeuza sauti ya nyuma, isifanane na ya mbele. Ubongo ndio unaopiga hesabu. Hawa jamaa wamepima vichwa vya watu, wakaiga vyote hivyo.

— Vichwa vya nani?

— Watu tu.

— Changu hawajapima.

— Ndiyo maana si kila mtu anapata. Mimi yule mama alitembea humuhumu ndani ya fuvu, nyuma hakufika.

— Sikio halipiti kichwa.

— Methali hiyo haihusiani, Baruti.

— Ina sikio, ina kichwa. Unataka nini tena? Masikio yangu makubwa, mimi nimemsikia mpaka manukato yake.

— Kwa hiyo kasuku yule pale mtini, asiye na vikunjo, ukimvisha hajui nyuma wala mbele.

— Ndiyo maana wanajigonga kwenye vioo vya magari. Na wewe Clarrie, umemsikia?

— Safi kabisa, alisema Clarrie. Kama yupo hapa.

Haikuwa kweli. Nyumbani aliijaribu rekodi ile mara tatu. Mwanamke alikuja upande wa kulia, kop kop, akasogea nyuma, halafu akapotea kama aliyetumbukia shimoni, mpaka alipoibuka tena kulia. Mlango ulipogongwa, Clarrie alisikia kwa mbali sana, kama nyumba ya tatu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Hakumwambia mtu. Binti yake alipopiga simu, Clarrie alimshukuru dakika kumi nzima.

Kwenye ngazi ya duka alikuwa ameketi mwanamke mmoja mgeni, begi miguuni, pai ya nyama mkononi, akisubiri basi la Adelaide.

— Samahani wazee wangu, alisema. Mume wangu anasikia kwa sikio moja tu. Anapenda sana mpira redioni. Nimnunulie hizo?

Fyuzi alizichukua hedifoni kwa Drago, akazigeuza.

— Hesabu inataka masikio mawili, alisema. Lakini vikunjo… sijui, mama. Kwa kweli sijui.

— Sikio la kufa halisikii dawa, alisema Drago.

Clarrie aliitazama kahawa yake. Yule mama alikuwa anangoja, na uso wake ulionyesha angeamini lolote.

— Usimnunulie, alisema. Nusu ya mambo atayakosa, na ataona haya kukwambia. Mtafutie zile zinazochanganya kushoto na kulia pamoja. Mpira atausikia wote.

— Wewe umejuaje? aliuliza Fyuzi.

— Mimi la kushoto halisikii. Mwaka wa pili huu.

Noreen alikuwa anapanga mikate ndani, trei zilisikika. Drago, ambaye hukaa kushoto kwa Clarrie kila siku, aliweka kikombe chini.

— Mwezi wa tano nilikwambia majibu ya Vesna yametoka hospitali. Ukaendelea kula.

— Sikukusikia, Drago.

— Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Vesna mwenyewe: Clarrie hana roho yule.

— Majibu yalisemaje?

Drago aliinuka akiyashika magoti yake, akachukua kikombe, akapita mbele ya benchi. Fyuzi alimpisha, akaingia dukani kuagiza kahawa nyingine. Drago akaketi kulia kwa Clarrie, karibu, bega kwa bega, akaanza kumsimulia tangu mwanzo.