Emerance Chibalonza, Mcheza Dansi wa Bukavu

Ninyi mlioruhusiwa kuingia humu, na ninyi mnaotufuata kwenye Zoom kutoka Granville hapa Sydney, Goma na Nairobi: mimi ni Mélanie, mdogo wake marehemu.

Hayati Emerance Chibalonza alizaliwa Bukavu tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa fundi seremala Kalume na mkewe. Mimi nilimfuata miaka mitatu baadaye, na tangu hapo nimekuwa wa kumfuata tu.

Alisoma shule ya masista hadi darasa la tano. Masista walitufundisha sote kushona na kuimba. Kucheza hakufundishwa na mtu. Akienda kuchota maji, wanawake walisimama kumtazama. Ndoo yangu ilikuwa kubwa kuliko yake, lakini hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Mwaka 1949 kundi la maonyesho la mjini lilitafuta wacheza dansi, tukaenda sote wawili. Kiongozi alitupima kwa macho, akasema, "Mkubwa atacheza. Mdogo atashona sketi." Basi alicheza Bukavu, Usumbura na Elisabethville, nami nikamtazama nikiwa nyuma ya pazia, sindano mkononi. Watu walimrushia maua. Sitasema uongo mbele ya jeneza: kila ua lilinichoma.

Mwaka 1954 alifunga ndoa na Libère, mpiga tarumbeta wa kundi. Huyo alinishinda kwa wivu. Jumapili moja mchana, mfanyabiashara aliyeketi mstari wa mbele alisimama kumshangilia marehemu. Libère akashusha tarumbeta katikati ya wimbo, na bendi nzima ikanyamaza. Yaya, ndivyo nilivyomwita dada yangu mkubwa, hakuacha. Aliendelea kucheza, njuga za miguuni zikisikika ukumbi mzima, mpaka watu wakaanza kupiga makofi kufuata mwendo wake. Ikabidi Libère ainue tarumbeta, machozi yakimtoka.

Nyumbani alinung'unika, "Watu wanakukula kwa macho."

"Macho hayanimalizi, Libère. Njoo ukule bugali."

Waliishi pamoja hadi Libère alipofariki mwaka 1989.

Vita vilimtoa Bukavu mwaka 1996. Baada ya miaka mingi Nairobi, alifika Sydney mwaka 2008 na mwanawe Olivier, wakakaa Blacktown. Mimi nilifika baadaye, kama kawaida yangu. Katika ukumbi wa kanisa aliwafundisha watoto dansi. Hawakumjibu kwa Kiswahili, walipiga kelele tu, "Again, Koko!", yaani tena, bibi. Wajukuu zangu mwenyewe walinipita mlangoni wakimkimbilia yeye.

Julai mwaka huu wa 2021 aliugua Covid, akalazwa. Hatukuruhusiwa kumwona. Muuguzi mmoja Mkenya, Jepchumba, alimshikia simu tuonane kwa video.

"Mélanie, umekula?" aliniuliza, pumzi ikimkatika.

"Nimekula, Yaya."

"Huyu mtoto ana mikono laini kuliko yako."

"Basi akuzike yeye!"

Alicheka hadi Jepchumba akamwomba apumzike. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti, mkono wake ukiwa mikononi mwa binti huyo. Jepchumba, mwanangu, nakushukuru. Na ninakuonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea dada yangu.

Marehemu ameacha watoto wake Olivier na Ange, wajukuu, vitukuu, na mimi.

Yaya, tangulia. Mungu akupe pumziko la amani.