Béata Uwimbabazi: Hakuna Aliyemtilia Sumu

Maman Béata Uwimbabazi alizaliwa Bukavu tarehe 9 Mei 1974, kifungua mimba wa Mzee Gasana na Maman Joselyne. Alisoma hukohuko hadi akamaliza sekondari, upande wa ushonaji. Mwaka 1995 familia ilirudi Rwanda, ikakaa Gihundwe.

Alishona nguo Kamembe miaka ishirini na minane, mashine yake ikigusana na ya Uwamwezi, fundi mwenzake. Walikuwa chanda na pete. Béata alikuwa mnene, tena hakuona haya hata kidogo. Gauni lake lilikula vitenge viwili, naye akacheka: “Miye peke yangu niko bateja babili!”

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na Parfait Murhula, dereva wa lori la saruji kule Muganza. Mungu aliwapa Izabayo na Elikia.

Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, alikula kwa Uwamwezi. Jioni tumbo likamshika. Midomo ya watu ikafunguka: amelishwa sumu! Ndugu wakamkimbiza Rwimbogo kwa mama mmoja anayetapisha sumu. Siku tatu nzima, masikini! Alipofikishwa hospitalini Jumatano, daktari alibonyeza tumbo, lakini mafuta yalificha uvimbe. Hata picha haikuonyesha vizuri. Akapasuliwa siku hiyohiyo. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Kwa sababu ya unene kazi ilichukua muda mrefu, kisha kidonda kikatunga usaha. Daktari alisema waziwazi: hata na unene ule, angewahishwa siku ya kwanza, angekuwa na nafasi nzuri ya kupona.

Uwamwezi alikwenda kumwona mara tatu, na mara tatu ndugu walimrudisha mlangoni. Béata aliposikia, aliwaka kitandani. “Muache maneno ya sumu! Ni kidole tumbo, na mafuta yangu ndiyo ilificha. Siku ya kunizika, musome ivo mbele ya bantu bote. Na Uwamwezi akae na batoto yangu.”

Alifariki Jumatatu, tarehe 24 Machi. Ndugu waliomzuia Uwamwezi wamekwenda kwake, wamemwomba msamaha.

Ameacha mume wake Parfait, watoto wake Izabayo na Elikia, mama yake Joselyne, na Uwamwezi, aliyeketi leo mstari wa mbele katikati ya watoto. Gauni alilovikwa marehemu amelishona yeye, kwa vitenge viwili kamili.

Alale kwa amani, Maman wetu.