Acheni Kunywa Tuliza

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Chuo; waheshimiwa wakuu wa vitivo na wa idara; wawakilishi wa wafadhili wetu; wahadhiri wenzangu; mafundi wa maabara, ambao bila ninyi sisi tuliokaa hapa mbele tungebaki wasema hovyo tu; wanafunzi wetu wapendwa; ndugu wageni waalikwa; na wewe mama mkwe wangu, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa nyumbani sote tunajua nani hutajwa kwanza: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji ameniomba niseme kwa kifupi, na ameniomba mara mbili, maana anawajua wahandisi. Nitajitahidi.

Leo tunafungua Maabara ya Utafiti wa Pamoja, na tunamkabidhi ufunguo mkurugenzi wake wa kwanza, mkemia wa dawa ambaye wanafunzi wamembatiza jina la Subiri Kwanza. Kwa mgeni ambaye hajawahi kufundishwa naye, nieleze. Ukimkimbilia na matokeo yako, huku umejaa furaha, atayapokea, atavua miwani, atayasoma taratibu kisha atakwambia, "Subiri kwanza." Basi ujue siku yako imeshaharibika. Mimi nimefanya naye kazi miaka mingi, na zaidi ya hapo ni shemeji yangu, kwa sababu ni dada mkubwa wa mke wangu. Hata posa yangu ilipofika kwao, aliyevua miwani alikuwa yeye.

Wengi mmeniuliza mlipokuwa mkitembezwa humu ndani asubuhi: imekuwaje idara tano zisizofanana hata kidogo zikakubali kukaa chini ya paa moja? Swali ni zuri, kwa sababu zamani tulikuwa hatusalimiani. Sisi wa uhandisi tulinuka grisi. Wa kompyuta walifunga mapazia mchana kutwa. Wa uchumi walibishana ghorofani mpaka dari likatoa vumbi, wa utalii walikuwa na viti vizuri kuliko vya mtu yeyote na hawakumkaribisha mtu, na wakemia tuliwajua kwa harufu tu. Tulikutana kwenye foleni ya mashine ya kurudufu, na hapo pia ni kwa kununiana.

Kilichotukutanisha kwa mara ya kwanza ni jani. Mama mkwe wangu alikuwa na duka dogo lenye kaunta ya mbao, na juu ya kaunta ile aliuza dawa ya majani aliyoiita Tuliza. Ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo. Watu walitoka mbali kuifuata, na yeye mwenyewe alikunywa kikombe kila asubuhi. Ada ya shule ya mkemia wetu ilitoka kwenye Tuliza, na ya mke wangu pia, kwa hiyo nikisema kwamba hata ndoa yangu imesimama juu ya Tuliza sitakuwa nimetia chumvi sana.

Mkemia alipopata maabara yake alilichunguza jani la mama yake, kama mtoto yeyote angefanya. Akaandika makala fupi kwamba maji ya jani lile yanapunguza uvimbe kwenye seli zilizooteshwa ndani ya vioo. Akaongeza kwamba hayo ameyaona kwenye vioo tu, hajayaona kwa mnyama wala kwa binadamu. Sasa angalieni wasomi tunavyosomana. Mhadhiri wa utalii aliisoma, akaandika kwamba wageni wangependa kuona bustani ya jani linalopunguza uvimbe. Vile vioo akaviacha njiani. Mchumi akamsoma mtu wa utalii, akapiga hesabu ya mapato ya dawa iliyothibitishwa. Mhadhiri wa kompyuta akachukua hesabu za mchumi, akatengeneza programu ya kutabiri oda zitakazokuja. Na mhandisi, ambaye ni mimi, nikaona utabiri ule, nikaunda kikaushio kikubwa cha umeme wa jua cha kukaushia majani. Kilikuwa kikaushio kizuri. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayekisifu.

Wafadhili wakapatikana, siku ya uzinduzi ikapangwa. Bustani ingepandwa, wageni wangeletwa kwa mabasi, na mama angepata jengo lenye vioo badala ya ile kaunta. Ndipo makala ya mchumi ilipomfikia mkemia aipitie kabla ya kuchapishwa, akakuta imeandikwa, "Dawa hii imethibitishwa," na pembeni chanzo kilichotajwa ni yeye. Alikuja nayo mkutanoni.

"Nimethibitisha lini?" aliuliza.

Mchumi alimtazama mtu wa utalii. Mtu wa utalii alitazama viti vyake.

Akarudi maabara. Akawanywesha panya jani lile kwa muda mrefu, kwa kipimo cha mtu anayelinywa kila siku. Maini ya panya yakaharibika. Akarudia jaribio lote tangu mwanzo, maana ndiye Subiri Kwanza, na maini yakaharibika tena. Uzinduzi ulikuwa umekaribia sana. Sisi wenzake tulikaa naye tukamsihi kwa lugha laini ya kitaaluma: wafadhili watie saini, mradi uanze, haya mengine yaingie kwenye ripoti ya awamu ya pili. Kwa kifupi, ni sisi tuliomwambia asubiri kwanza.

Akasema, "Hili halisubiri."

Siku moja kabla ya uzinduzi, jioni, alikwenda nyumbani kwa mama yake. Mimi na mke wangu tulikuwepo. Mama alikuwa anachemsha Tuliza ya kesho yake asubuhi, na nimemwomba ruhusa kusimulia haya. Ruhusa ameitoa, kwa sharti nisimfanye mjinga.

"Mama, Tuliza inaharibu ini."

"Ini la nani?"

"Kwa sasa, la panya."

"Kwa hiyo mimi ni panya?"

"Mama, macho yako yana umanjano. Nimeyaona tangu mwezi uliopita. Wewe unasema ni uzee."

Mama alikoroga sufuria. "Na kesho utayasema haya mbele ya wageni?"

"Nitayasema. Nimekuja uyasikie kwangu kwanza."

"Watu wameninunulia dawa hii tangu wewe unatambaa."

"Najua, mama. Ndiyo maana."

Mama alimwambia mke wangu azime jiko. Akaingia chumbani, akafunga mlango, tukabaki watatu tunatazama sufuria. Shemeji yangu alilia pale jikoni, na hakulia kwa ajili ya mradi. Alijua kwamba kesho yake atamvunjia mama yake jina alilolijenga maisha yake yote, na kwamba asipofanya hivyo atamzika. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote nilizomwona akipewa tuzo.

Asubuhi mama alikuja kwenye uzinduzi. Alivaa nguo zake za kutokea, akakaa mbele, wala hakumsalimia binti yake. Mkemia alipanda jukwaani, pale ambapo ratiba ilisema "Maneno ya Shukrani", akaonyesha picha za maini yale. Alisema alichokiona na alichokuwa bado hajakijua. Mmoja wa wafadhili alirudisha kalamu mfukoni.

Mama akasimama. Mwenyekiti alimwambia kwamba muda wa maswali bado. Mama alimwangalia kama anavyoniangalia mimi nikichelewa chakula, na mwenyekiti akakaa.

"Mimi ndiye muuzaji," alisema. "Nimesikia, nimeelewa. Wale niliowauzia watajuaje?"

Ndugu zangu, tulikuwa pale na shahada za kujaza lori, na swali lile hakuna aliyekuwa amelifikiria. Tulikuwa tumebishana juu ya mradi, juu ya sifa ya chuo, juu ya nani alimnukuu nani. Mama hakuuliza duka lake litakuwaje. Aliuliza kuhusu watu.

Wafadhili wa bustani waliondoka, na siwalaumu. Sisi tulibaki, na kazi iliyofuata ndiyo iliyotufanya tuwe watafiti wa pamoja kweli, siyo wa kwenye jalada la ripoti. Mhadhiri wa kompyuta, dada yule pale, alitengeneza mfumo wa simu: mtu anasikiliza ujumbe, anajiandikisha kupimwa, anamtumia na mwenzake aliyewahi kunywa. Akaandika ujumbe wenyewe, "Ndugu mteja, unataarifiwa kwamba..." Mama akamkatiza.

"Mwanangu, hivi ndivyo wanavyoongea watu wa kukata umeme. Nani atasikiliza? Nipe hicho kinasa sauti."

Akasema kwa maneno yake: "Ni mimi, mama wa duka la Tuliza. Niliwauzia kwa nia njema, na mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa. Acheni kunywa. Njooni tupimwe pamoja, hamtalipa kitu." Hakurudia. Sauti ile ilikwenda kwenye simu za watu kama ilivyo, na mlio wa mlango wetu mbovu ukisikika kwa nyuma.

Mtu wa utalii alijua kwamba wasafiri nao walinunua Tuliza wakaondoka nayo, basi alikaa kwenye kimojawapo cha viti vyake vizuri, akapigia nyumba za wageni na waongoza watalii mpaka sauti ikamkauka. Mchumi aliwahoji waliokuja, akakadiria wangapi bado hawajafikiwa. Kila tulipotaka kufunga kazi alitushika shati na kutuonyesha kwamba bado. Kikaushio changu nilikibomoa, nikatumia paneli zake kuendesha majokofu madogo ya kubebea damu kutoka vituo vya afya vya mbali. Na mkemia, pamoja na madaktari wa hospitali, walipima. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama. Alikunja mkono wa gauni mbele ya watu wote ili waone kwamba anachomwa sindano kama wao.

Sitawapamba. Hatukuwawahi wote. Alikuja mjane wa kinyozi mmoja, mumewe alikuwa amekufa kabla hatujaanza, na hakuna kipimo kilichoweza kutuambia kama Tuliza ilihusika au haikuhusika. Alimtolea mama maneno makali pale uani. Mama hakujitetea. Alimsikiliza mpaka akachoka, akamletea kiti, wakakaa. Lakini wengi, wengi sana, waliacha kunywa, wakafuatiliwa, na maini yao yakapona. Ya mama pia. Macho yake sasa ni meupe, kama mnavyoona anavyonikazia hapa.

Makala tuliyoandika kuhusu kazi ile ina majina ya idara zote tano, na leo vyuo vingine vinakuja kujifunza namna ya kuwatafuta watu waliotumia dawa yenye madhara. Wafadhili mliokaa nasi leo mlikuja baada ya kuisoma. Hamkuja kwa sababu tulifaulu kutengeneza dawa. Mlikuja kwa sababu tulisema wazi kwamba hatuna dawa, kisha tukawatafuta walioamini kwamba tunayo. Naona fahari kusema hivyo mbele yenu. Nimejenga madaraja madogo na mitambo mikubwa, lakini kazi ninayojivunia kuliko zote ni ile niliyoifanya kwa kubomoa kitu changu mwenyewe.

Wanafunzi wetu, mtafanya kazi humu mkiwa na mashine ambazo sisi hatukuwahi kuziota. Mtanukuu, na mtanukuliwa. Mkifika kwenye sentensi inayosema kwamba jambo limethibitishwa, nendeni mkamsome aliyelithibitisha, siyo aliyemsoma aliyemsoma. Na mkikuta kwamba mmeharibu, msiulize kwanza mradi utakuwaje. Mnajua nani amewafundisha cha kuuliza, na hana hata cheti kimoja cha chuo hiki.

Profesa, shemeji yangu: chuo kinakukabidhi ufunguo. Sisi wenzako tunakukabidhi imani yetu, na tunajua utaichunguza kabla ya kuipokea. Tunajivunia wewe. Mdogo wako ameniambia nisiposema hivyo kwa sauti nisirudi nyumbani, lakini ningesema hata kama asingeniambia.

Sasa ninalo ombi moja ambalo halimo kwenye ratiba, na Mheshimiwa Mkuu wa Chuo utanisamehe. Baadhi yenu mmejiuliza tangu asubuhi wale wageni waliojaa kuanzia katikati ya ukumbi hadi kule nje kwenye turubai ni akina nani, maana si wahadhiri, wala si wazazi wa wanafunzi. Tuliwaalika wenyewe, na tuliwaomba wasimwambie mtu. Naomba kila aliyesikia sauti ya mama kwenye simu yake, akaacha kunywa, akaja kupimwa, asimame alipo. Taratibu tu, hakuna haraka. Na wewe kule nyuma, dada, mjane wa kinyozi, ambaye hukuwahi kunywa lakini ulipeleka ujumbe ule nyumba kwa nyumba mtaani kwenu, simama pamoja nao.

Mama, naomba ugeuke.

Mheshimiwa, ndugu zangu, nashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Niruhusuni nikae.