Sahihi ya Mzazi

Pale njia panda, upande wa Ndanai, kuna benchi refu la mti wa mkaratusi lililoegemea ukuta wa banda la kupimia majani chai. Kila alasiri wakulima wakishateremsha magunia yao hulikalia kusubiri lori la kiwandani, na kwa kuwa lori hilo halijawahi kuheshimu saa ya mtu, benchi limesikia mambo mengi kuliko afisi ya chifu. Chai ni ya Kogo Chepchirchir, mwenye birika jeusi na vikombe sita vya bati; kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na pale yeye ni nyanya ya kila mtu. Anayegawa zamu ya kusema ni Kiptanui, ndiyo maana wanamwita Spika. Mzee Atuti, aliyetoka Kisii akiwa kijana kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa na asirudi tena, ni Hansadi, kama kile kitabu cha kumbukumbu za bunge, maana hujisifu kwamba hasahau neno wala tarehe. Kiplimo wa bodaboda ni Data, kwa sababu elimu yake yote imo kwenye simu na huisha bando linapoisha. Ijumaa hiyo wote walikuwapo, ila Spika hakuwa akimpa mtu zamu.

Kiptanui alikuwa ameinama, mkono wake umezama ndani ya gunia lake. Majani aliyachuma mwenyewe alfajiri, majani mawili na chipukizi, hakuna kikonyo kirefu hata kimoja. Lakini katikati ya gunia joto lilishaanza kupanda. Majani yakipata joto hugeuka rangi, na yakigeuka rangi hakuna kiwanda kinachoyataka. Ya Jumatano yalikataliwa akayamwaga mtaroni, na ya Alhamisi yakafuata njia hiyo hiyo.

– Spika, hiyo joto imefika wapi? Hansadi akauliza.

– Bado kidogo.

– Na chairman amesema nini leo?

– Ile ile ya jana.

Hata Data, ambaye kunyamaza ni ugonjwa kwake, aliinamia kikombe. Neno la jana walilisikia wote. Mathew, mwenyekiti wa kamati ya banda, alisimama pale pale mbele ya benchi, akasema kwa upole kabisa kwamba Jumatatu, kwenye paredi ya shule, Chemutai bintiye Kiptanui atasimama mbele ya wenzake, aseme mchoro wake ni uongo, kisha auchane. Baada ya hapo, akasema, majani ya babake yatarudi kuwa mazuri.

Na mchoro wenyewe ulikuwa kazi ya nyumbani tu. Mwalimu Nyabate, aliyeletwa muhula huu kutoka Nyamira, alikuwa amefundisha gredi ya sita mikono mitatu ya serikali: mmoja unatunga sheria, wa pili unazitekeleza, wa tatu unaamua watu wakigombana. Akawaambia watoto watafute mahali karibu na kwao ambapo kazi hizo tatu hufanywa, wachore, na mzazi atie sahihi. Chemutai akachora banda la majani. Upande wa kushoto mtu mwenye kofia kubwa anabandika amri ukutani. Katikati mtu mwenye kofia hiyo hiyo anachagua majani na kutupa mengine. Upande wa kulia, mwenye kofia kakaa nyuma ya meza, na mbele yake bibi mwenye kitambaa cha maua analalamika kuhusu gunia lake. Mwalimu alibandika michoro yote ukutani siku ya wazazi, Jumanne, kabla ya kuirudisha kwa watoto itiwe sahihi. Mathew, ambaye pia ni wa kamati ya shule, aliizunguka mikono nyuma, akasimama mbele ya huo mmoja, akavua kofia yake akaitazama, akaivaa tena.

– Hata kitambaa changu ameweka, alisema Kogo Chepchirchir akimimina chai. – Maua yote. Huyo mtoto ana macho.

– Hayo macho ndiyo shida, Kogo, alisema Data. – Mimi nimegoogle. Kuchora mtu bila consent yake ni kesi. Na yeye amechorwa mara tatu, so ni kesi tatu.

– Wacha nikuelezee, alisema Hansadi. – Hii serikali si kitu ngumu. Ni ng'ombe. Bunge ni yule anasema ng'ombe ikamuliwe saa ngapi. Serikali ni yule anakaa chini anakamua. Mahakama ni yule anaonja, aseme kama maziwa imewekwa maji.

– Na kama ni mtu mmoja anafanya hizo zote? Data akauliza.

– Basi watoto watakunywa maji, na wataambiwa ni maziwa.

Siku nyingine wangecheka. Kiptanui alitoa mkono kwenye gunia akaupangusa kwenye suruali. Ndani ya mfuko wa koti lake mlikuwa na karatasi ile ya mchoro, imekunjwa mara nne. Chemutai alimletea Jumatano jioni, akamwonyesha mahali pameandikwa sahihi ya mzazi, naye akasema atasaini kesho. Kesho zimekuwa mbili sasa. Mtoto hakumsumbua, alimtazama tu wakati wa uji, na huko kutazamwa kulimuuma kuliko kupoteza magunia mawili.

– Mimi naona tumuimpeach, alisema Data. – Kule juu wanafanya kila siku. Unaandika mashtaka, unapeleka kwa bunge, finito.

– Bunge yetu ni nani? aliuliza Hansadi.

– Kamati.

– Kamati ni nani?

Data alifikiri. – Chairman.

– Basi mpelekee, alisema Hansadi. – Akimaliza kujifuta kazi atakata rufaa kwake mwenyewe. Mimi ushauri wangu ni tofauti. Huyo mtoto achore ingine. Achore chairman mara nane. Mtu akiwa nane si mtu tena, ni kikao, na kikao haiwezi kukasirikia mtoto.

– Hansadi.

– Nasaidia, Spika.

– Hunisaidii, alisema Kiptanui. – Tangu jana najiuliza kitu moja. Huyu mtoto nitamwambia asimame mbele ya watu aseme uongo. Sawa. Ataniheshimu, atasema. Na kesho nikimwambia asiseme uongo, nitaanzia wapi?

Kogo Chepchirchir alifunika birika kwa kitambaa, akafunua, akafunika tena. Upande wa bondeni, mbali, lori lilisikika likibadilisha gia.

Ndipo mwalimu Nyabate alipotokea kwenye njia ya shule, mkoba begani, viatu vimejaa matope mekundu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu zaidi kidogo kuliko cha benchi.

– Chamgei, alisalimia.

– Chamgei mising, mwalimu, wakaitikia, wakasogea apate pa kukaa. Hakukaa.

– Wazee wangu, sitawachelewesha. Baba Chemutai, habari ya shida yako nimeisikia leo, na imeniuma, kwa sababu kazi ile ni mimi niliitoa. Lakini sikuja kwa hiyo. Nimekuja kuomba msaada. Watoto wamenishinda.

– Na nini? aliuliza Kiptanui.

– Niliwaambia kiongozi wa watu huchaguliwa na watu. Kwa hivyo chini ya mchoro waandike jina lake na siku aliyochaguliwa. Jina wote wameandika. Ile siku, hakuna aliye nayo. Nimeuliza walimu wenzangu, hawajui. Nikaambiwa, nenda benchini, kuna mzee hasahau tarehe.

Hansadi alijinyoosha. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa. Kwa miaka mingi alikuwa akisubiri serikali imtume mtu amuulize kitu.

– Umefika kwa mwenyewe. Uliza.

– Chairman Mathew, mlimchagua lini?

– Ilikuwa, alisema Hansadi, mwaka ule wa mvua ya mawe. Ile iliharibu chai yote mpaka Longisa.

– Hapana, alisema Kogo. – Mvua ya mawe ilinyesha arap Tonui akiwa chairman. Alitembea kila shamba akituambia pole.

– Basi mwaka uliofuata.

– Mwaka uliofuata arap Tonui alikufa. Mwezi wa nne.

– Ndiyo. Mwezi wa nne, alisema Hansadi, na sauti yake ikapungua. – Tukaenda mazishi sisi wote. Na chai ilikuwa imechumwa, haiwezi kungoja. Tukauliza, banda nani atafungua?

– Nyumba ya Mathew ndiyo ilikuwa karibu, alisema Kogo. – Mke wa marehemu akampatia funguo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na sufuria mkononi.

– Tukasema ashike mpaka matanga iishe, alisema Kiptanui polepole. Alikuwa ameikumbuka siku hiyo yote, hata harufu ya majani mabichi kwenye nguo za waombolezaji. – Wiki moja. Halafu tukutane hapa, tupige kura.

– Halafu? aliuliza mwalimu.

Wakatazamana. Data alishika simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni, maana alijua jambo hilo halimo humo.

– Halafu lori ikakuja, alisema Hansadi. – Tukapakia. Kesho yake tena ikakuja.

Mwalimu hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Alikuwa amesimama na kalamu mkononi, anangoja tarehe, kama anavyongoja mtoto amalize kutoa hesabu. Kiptanui aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mwaka ule Chemutai alikuwa bado anabebwa mgongoni na mamake. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja, na katika miaka hiyo yote yeye, Spika, amegawa zamu za kujadili kura za kaunti, kura za Nairobi, hata kura za nchi asizoweza kuzitaja majina, akiwa ameegemea ukuta wa banda hilo hilo. Na mtoto wa gredi ya sita ndiye aliyelitazama.

Lori likajitokeza kwenye kona. Mlango wa banda ukafunguliwa kwa ndani na Mathew akatoka, kofia kichwani, funguo zikining'inia kidoleni. Alimsalimu mwalimu kwa adabu, akasimama mbele ya gunia la Kiptanui bila kuligusa.

– Baba Chemutai. Lori ndiyo hiyo.

– Naiona.

– Mimi sina ubaya na mtoto. Nilikuambia neno rahisi. Sema tu ndiyo, majani ipande.

– Majani yangu iko na makosa gani, chairman? Hujaifungua.

– Makosa yake unaijua.

Kiptanui aliwaza, akauona kwanza uso wa karani wa lori, kisha mtaro ulipo, kisha bintiye na bakuli la uji. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa karatasi, akaikunjua juu ya goti. Mathew alidhani anataka kumpa, akanyoosha mkono wake.

– Mwalimu, alisema Kiptanui, nisaidie na hiyo kalamu.

Aliandika taratibu, kwa herufi za mtu ambaye shule aliiacha zamani, na kwa sababu watu wa benchi ni wadadisi, kila ajuaye kusoma alisoma neno likitoka. Mbele ya *alichaguliwa lini* aliandika: *Hatujamchagua. Tulimwachia funguo wiki moja.* Kisha akashuka chini, kwenye mstari wa mzazi, akatia sahihi. Mathew aliisoma ikiwa imepinduka, na alipomaliza alifumba kiganja juu ya zile funguo.

– Hutapakia hapa, alisema.

– Nimesikia.

Magunia ya wengine yalipimwa, yakapakiwa. La Kiptanui lilibaki peke yake kwenye saruji. Lori lilipoondoka alilifungua, akaingiza mkono, na majani ya katikati yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu. Alilivuta hadi mtaroni akalimwaga la tatu, bila haraka, akakung'uta gunia mara mbili. Iliuma. Alikuwa mkulima, na majani yale yalikuwa mazuri.

Aliporudi, mwalimu alikuwa bado amesimama. Mathew alikuwa ndani, anafunga madirisha ya banda.

– Spika, alisema Kogo Chepchirchir, chai imeisha. Nilitaka nikuwekee, imeisha.

Kisha akafungua fundo la leso yake, na pale anapofungia shilingi zake akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa. Ilikuwa ya mjukuu wake, wa darasa lile lile, naye chini ya mchoro alikuwa ameandika jina la Mathew. Alikuwa nayo tangu Jumatano.

– Mwalimu, mimi sijui kuandika, alisema. – Nisomee pale amesema Kiptanui.

Mwalimu akasoma.

– Andika hivyo hivyo kwa hii.

Mwalimu alipomaliza kuandika, Kogo alilipindua birika, akasugua kidole gumba kwenye masizi ya kitako chake, akakikandamiza kwenye mstari wa mzazi. Aliinua kidole, akaiangalia alama yake, akaridhika nayo.

Mzee Atuti, yule Hansadi, alikuwa amevua miwani na hakuwa akiipangusa.

– Mwalimu, alisema, hapo kando andika na tarehe ya leo. Kisha unisomee, mara mbili. Hiyo ingine, ya kupiga kura, niliipoteza.