Swali la Bi. Kuramochi Kabla ya Kidonge

Mheshimiwa Mkuu wa Mji wetu wa Higashinome. Mheshimiwa Diwani, ambaye leo ameahidi kutozidi dakika tano, nasi tutaona. Daktari Mkuu wa hospitali ya wilaya. Viongozi wa ushirika wa wafugaji. Wazee wa ukoo wa Obara mlioshuka kutoka milimani na theluji hii. Kina mama wenzangu wa umoja wetu. Na wewe, Bi. Kuramochi Tae, mfamasia wetu, uliyekaa hapo mbele ukiangalia viatu vyako kama aliyeitwa na mwalimu mkuu: habari za mchana huu!

Mimi naitwa Tsukidate Fumie. Wengi mnanijua kwa sauti kabla ya sura. Ni mke wa Tsukidate Gohei, mtengeneza miso, ile rojo yetu ya soya, yule pale mstari wa pili anayejifanya anasoma ratiba. Bwana, inua kichwa. Leo utatajwa.

Tumekuja kumuaga mwanamke ambaye amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa tangu wengine wenu mlipokuwa mnabebwa mgongoni. Walionitangulia wameeleza vizuri vyeti vyake na tuzo zake, nami sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kueleza jinsi alivyomkatalia mume wangu dawa, na jinsi mume wangu alivyo hai kwa sababu hiyo.

Lakini nianze na furaha, maana kwangu hadithi ilianza na furaha. Ni nani humu ukumbini ambaye hakuyapata yale maziwa ya shuleni, chupa yenye baridi, mwalimu kasimama, na tumbo linaanza kuzungumza kabla ya somo la hesabu? Tusioneane haya! Matumbo ya watu wengi wa nchi hii yakishamaliza utoto hayaivunji tena sukari ya maziwa. Sukari hiyo inateremka nzima, inachachuka huko chini, na mengine mnayajua. Nilikaa miaka yote ya ujana wangu nikipika mchuzi wa maziwa kwa ajili ya watoto na kuuangalia tu sufuriani, mimi nakula wali na figili za chumvi.

Siku moja nikamlalamikia Bi. Kuramochi. Akanitolea vidonge vidogo vya laktesi, kile kimeng'enya kinachoivunja sukari ya maziwa kwa niaba ya tumbo lililokwisha sahau kazi hiyo. Ila kabla ya kunipa akaniuliza swali ambalo humuuliza kila mtu: "Unafanya kazi gani, dada?"

Nikamjibu, "Si unajua? Nauza miso dukani."

"Najua. Chumba cha koji unaingia?"

"Nikafanye nini? Huko bwana ndiye anayechachulia miso."

Akaniuliza kama napata pumu, kama ngozi yangu hufura nikila chochote. Nikasema hapana. Ndipo akanielekeza: nimeze pamoja na tonge la kwanza, si baada ya saa nzima, nisidhani kinaponya, maana kazi yake inakwisha na mlo huo, na nikiona midomo inawasha, ngozi inatoka vipele au pumzi inabana, niache mara moja na nisingoje, niite hospitali. Akanifanya niyarudie kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya wateja. Jioni hiyo nilikula mabakuli mawili ya mchuzi wa maziwa, nikangoja. Tumbo kimya! Ndugu zangu, nililia. Gohei akadhani nimefiwa.

Basi mji mzima ukavijua vidonge hivyo, maana nilisema mimi. Kina mama wakaanza kupanga foleni, na safari yetu ya vuli tukashuka basini sote kununua aiskrimu, hata Bi. Onodera ambaye hakuwahi kuigusa tangu aolewe. Lakini msidhani Bi. Kuramochi aliviuza tu kama peremende. Bibi mmoja alitaka kumnunulia mjukuu ambaye kila akionja maziwa anatoka vipele, mfamasia wetu akamrudisha taratibu: "Mama, huyo hana shida ya sukari. Mwili wake unayapiga vita maziwa yenyewe, na kidonge hiki hakimkingi hata kidogo. Mpeleke kwa daktari leo." Yule bibi alinuna wiki nzima. Leo yuko humu, na mjukuu wake yuko naye, mzima wa afya.

Sasa tuje kwa bwana wangu.

Binti yetu Kanae alipendana na Shuhei, kijana wa mzee Obara Seikichi, wafugaji wa kule juu. Nanyi mnawajua kina Obara. Wazee wao walipanda mlima baada ya vita kufyeka msitu, mtama ukafa kwa baridi, na ng'ombe mmoja akawavusha. Kwa hiyo kwao, kila anayekuja kuwa mkwe hupokea bakuli la maziwa ya asubuhi ile kutoka mkononi mwa bibi wa nyumba, na hulimaliza akiwa amesimama. Ukilikataa, umeukataa mlima, ng'ombe na waliozikwa huko.

Mara ya kwanza Gohei alilinywa. Mazungumzo ya posa yakaanza, naye akatoka. Akarudi, akatoka. Mzee Obara akauliza jambo zito kuhusu arusi, na wa kujibu hayupo, yuko chooni. Tulipoondoka bibi Obara akaniambia, "Mumeo hataki watoto hawa waoane. Hawezi hata kukaa nasi." Kanae alilia njia nzima. Tukapewa siku nyingine, na nilijua kwamba ya tatu haitakuwepo.

Gohei akaenda mbio kwa Bi. Kuramochi. "Nipe vile vya mke wangu."

Bi. Kuramochi akamtazama. "Gohei, kile kikohozi chako cha kila msimu wa kazi, umewahi kukipima?"

"Hicho ni kikohozi cha koji. Baba alikuwa nacho, na babu pia. Maana yake koji imekukubali."

Wageni wa kutoka mkoani, koji ni ule ukungu tunaoupanda kwenye wali wa mvuke ili tupate miso. Unachanua mweupe kama manyoya, vumbi lake linapanda, na mafundi wetu wanalivuta mwaka hadi mwaka. Anayekohoa sana huitwa fundi kweli. Ndivyo tulivyoamini sisi, na tulijivunia.

"Basi sikuuzii," akasema Bi. Kuramochi. "Vidonge hivi kimeng'enya chake kimetolewa kwenye ukungu wa ukoo uleule wa koji yako. Wengi hawadhuriki. Lakini mtu ambaye kifua chake kimeshaukasirikia ukungu huo, kuumeza ni jambo la kupima kwanza. Nenda kwa daktari wa mzio. Akisema sawa, nitakufungia kwa utepe mwekundu."

Gohei akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ni koji! Basi hicho kidonge ni mwanangu. Nimemlea maisha yangu yote, leo aje aniue?"

"Mimi sikuuzii."

"Mji mzima unawauzia, hata Onodera! Mimi nimekukosea nini, wewe mama?"

"Hujanikosea kitu. Ndiyo maana sikuuzii."

Akatoka na mlango akaubamiza. Wangapi kati yetu tungekubali kumpoteza mteja, jirani na rafiki wa utotoni kwa siku moja, kwa kidonge ambacho huuzwa bila hata cheti cha daktari? Angeweza kusema, haya, chukua, ni juu yako. Hakusema.

Mume wangu naye hakushindwa. Aliiba vyangu. Ndiyo bwana, uliiba! Mkobani mwangu, asubuhi ya siku ile, nikiwa navaa kimono.

Tukafika kwa kina Obara. Ukumbini akajifanya anafunga kamba ya vazi, akameza. Bibi Obara akaleta bakuli. Gohei akasimama wima, akalinywa lote, akaligeuza juu chini kuonyesha halina tone. Wakapiga makofi! Tumbo halikuunguruma hata kidogo. Akakaa chini amevimba kwa fahari, na mzee Obara akasema, "Huyu sasa ni mkwe."

Kisha nikamwona anajikuna shingo. Halafu masikio yakawa mekundu, halafu midomo ikafura, na alipotaka kunijibu sauti ikatoka kama filimbi iliyozibwa. Bibi Obara akapiga yowe: "Maziwa yetu yamemuua mkwe!" Mkono wa Gohei ulipolegea, pakiti yangu ya vidonge ikaanguka kutoka kwenye mkono wa kimono chake, na hapo nikaelewa. Niliogopa sana, ndugu zangu. Lakini mdomo wangu uliyajua maneno, kwa sababu nilishayarudia kwa sauti mbele ya wateja: midomo, ngozi, pumzi, usingoje. Nikapiga 119 kuita gari la wagonjwa, nikawaambia amemeza nini na anafanya kazi gani. Hospitali walikuwa na sindano tayari. Daktari aliniambia baadaye kwamba tungengoja kuona kama kitapita chenyewe, tungengoja matanga.

Kesho yake Bi. Kuramochi alikuja wodini. Gohei akajifunika shuka usoni. Mnadhani alimwambia, nilikwambia? Alikaa, akammenyea tufaha, akauliza, "Na arusi je?" Hapo bwana wangu akalia chini ya shuka, akidhani simwoni.

Kisha mwanamke huyu akapanda mlimani mwenyewe, na baridi ile, akapiga magoti mbele ya bibi Obara. Akamweleza kwamba maziwa yao hayana kosa, na mkwe hakuwadharau; alitaka sana kulimaliza bakuli mpaka akahatarisha roho. Bibi Obara akasema, "Mjinga mkubwa. Lakini mjinga wa namna hiyo namtaka." Bi. Kuramochi akamuuliza: maziwa ya asubuhi yakikaa yanakuwa nini hapa kwenu? Akaonyeshwa rafu ya jibini ngumu iliyokaa miezi na miezi gizani, ambayo sukari yake yote imekwisha kuliwa na muda. Daktari wa mzio akampima Gohei kila alichotakiwa kupimwa. Jibini hiyo, sawa. Miso yake, sawa. Vidonge, marufuku maishani. Na chumba cha koji, asiingie bila barakoa nzito.

Siku ya arusi bibi Obara alileta bakuli lilelile. Ndani yake palikuwa na kipande cha jibini kilicholala kwenye miso ya Gohei majuma kadhaa, kimebadilika rangi kama kaharabu. Mume wangu alikila amesimama. Nanyi mtakila sasa hivi, maana ndicho kilicho mbele yenu mezani, na nawaona wengine mmeshamaliza cha jirani.

Bi. Kuramochi, leo unaondoka, na mimi nilikuwa na hofu, nikasema nani atatukatalia sasa? Kwa hiyo wiki iliyopita nilivaa barakoa na kofia, nikaingia dukani kwa Bi. Niinuma Azusa, anayekurithi. Nikakaza sauti: "Vidonge vya laktesi, upesi, basi linaondoka!"

Akaweka mikono yake juu ya kaunta. "Basi litarudi, mama. Unafanya kazi gani?"

Nikamjibu. Nikadhani yamekwisha. Akaniuliza tena: "Na nyumbani, yuko mwingine anayeweza kuvichukua mkobani mwako?"

Gohei, unasikia? Swali hilo la pili ni lako. Limewekwa dukani kwa heshima yako, na litaulizwa mji huu utakapokuwa umetusahau sisi sote.

Kwa hiyo nenda kapumzike, Bi. Kuramochi. Panda bustani yako, lala mpaka jua lichomoze. Bwana wangu amekaa mstari wa pili, anapumua, anakoroma usiku kama trekta ya mzee Obara, na kila akikoroma mimi nakushukuru wewe.

Nyote mlionipa masikio yenu mkaacha sahani zenu zipoe, nawashukuru sana. Sasa tule.