Bi Menega, Aliyepima Mitutu ya Mzee Tita

Kosa la wengi wanaoletwa kujifunza kwenye meza ya mitutu ya bunduki ni kuuliza kwanza habari za kisu. Kisu gani, kimenolewa vipi, kimenunuliwa wapi. Ni maswali mazuri sana, na Bi Domenica Ghidinelli, ambaye bonde zima la Trompia, hapa kaskazini mwa Italia, linamwita Menega, ameyajibu kwa miaka thelathini na tisa kwa upole wake unaojulikana: "Hata kisu cha mkate kitakutosha. Kwanza nionyeshe huo mtutu umeushikaje." Tarehe 31 Oktoba anastaafu, na kuanzia siku inayofuata karakana yetu italazimika kuishi bila upole huo. Ofisi imemnunulia saa ya ukutani. Bila shaka mtu aliyeamka alfajiri umri wake wote ana hamu kubwa ya kuendelea kujua ni saa ngapi.

Hakuajiriwa kukereza. Wakuu wa wakati ule, kwa hekima yao, waliona kwamba mwanamke anafaa kupaka mafuta bunduki zilizokwisha na kuzifunga kwenye karatasi. Akapaka na kufunga, huku akimweleza kila mtu aliyepita kasoro alizoziona kwenye kazi yake. Kisha mkerezaji mmoja akaugua matubwitubwi, oda ikawa imekwama, na Menega akavaa aproni ya mgonjwa bila kuagizwa. Mgonjwa aliporudi alikuta mitutu imekwisha, mashine imesafishwa, na kiti chake kimehamishiwa kwenye chumba cha karatasi. Walioshuhudia wanasema Menega alimpokea kwa heshima zote na kumwonyesha mafuta yanakaa wapi.

Kuhusu visu, ni vizuri tueleze kidogo, kwa faida ya wenzetu wa ofisini wanaosaini kununua vitu hivi. Mtutu ni mrefu na mwembamba. Ukiuzungusha kwenye mashine na kuusogelea kwa kisu, unakimbia kisu. Unajipinda kidogo, unarudi, unajipinda tena, na hapo mashine nzima inaanza kuimba. Kisu cha chuma kilichonolewa kwa mkono kina ukingo mkali, kinakata bila kusukuma. Kipande cha kabaidi, ile aloi ngumu ya kiwandani, kinachofungwa kwa skrubu ni kigumu zaidi na hakichakai upesi, lakini vingi vina ukingo butu kidogo ili visivunjike. Vinataka mwendo wa kasi, mkato mzito na kazi iliyoshikwa imara. Ukikipa kazi nyembamba na mkato mwepesi, hakikati, kinasugua. Kwa hiyo hakuna kisu bora. Kuna kisu kinachopatana na namna ulivyoushika mtutu.

Menega aliyajua haya yote, na kwa hiyo alikuwa na msimamo wa busara: kabaidi isiingie kabisa. Muuzaji mmoja alipanda kutoka Milano na sanduku lililotandikwa kitambaa cheusi ndani, kila kipande kimelala kwenye kitanda chake.

"Mama, hivi vitakupunguzia kazi nusu," alisema.

"Na nusu nyingine nitafanya nini, nikae nikutazame?" alijibu Menega, kisha akamwelekeza mlango, ambao kijana wa watu alikuwa ameupita dakika chache tu kabla.

Miaka kadhaa baadaye tulihamisha kabati lake ili kupaka rangi ukuta. Nyuma ya matambara kulikuwa na kopo la biskuti limejaa vipande vya kabaidi, vile vyenye ukingo mkali, vimetumika vizuri kweli. Kumbe kazi ya kupunguza unene wa nje, ambako mtutu bado ni mnene na unashikwa pande zote mbili, alikuwa akiifanya navyo muda wote. Alipoulizwa alisema ni vya wageni.

Tumesema kisu si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni kuushika mtutu, na hapa ndipo bonde letu lina ugonjwa wake wenyewe. Tundu la mtutu halifuati ngozi yake. Utoboaji mrefu namna hiyo hupotea njia kidogo, kwa hiyo unaweza kuwa na mtutu ambao nje unazunguka vizuri mno huku tundu lake linayumba. Risasi haijali nje. Inapita ndani, na inapotoka mdomoni lazima ukingo uiachilie pande zote kwa wakati mmoja. Mdomo uliokatwa upande unaisukuma pembeni, na mlengaji anabaki kujilaumu. Dawa yake ni kushika mtutu kwa taya nne za mashine, kila moja ikikazwa peke yake, kisha kuingiza ndani ya tundu ncha ya saa ya kupimia, ile ndogo yenye mshale, na kurekebisha mpaka mshale utulie: mara moja hapo mdomoni, na mara ya pili ndani zaidi. Ukipima mahali pamoja tu, unajua tundu linapita hapo. Hujui linakwenda wapi.

Hayo yako kwenye kila kitabu cha shule ya ufundi. Lakini kwetu, kabla ya mkerezaji kuna mnyooshaji. Mnyooshaji anakaa dirishani, anaelekeza mtutu kwenye mwanga, anatazama vivuli ndani ya tundu, anaupiga hapa na pale, na akiridhika anaweka alama ya chaki. Na baada ya chaki hiyo, bondeni kwetu, hakuna mtu anayepima tena. Kumpima mnyooshaji ni kumwita mwongo mbele ya wanawe. Kwa hiyo kwa vizazi na vizazi wakerezaji wetu, watu hodari kabisa, waliufunga mtutu wenye chaki kwenye taya tatu zinazojikaza pamoja, wakauamini kwa nje, wakakata. Adabu yetu ni nzuri kuliko vipimo vyetu.

Mnyooshaji wetu ni mzee Giovan Battista Rizzinardi, mzee Tita, na tangu akiwa kijana hajapata kukosea. Tunajua hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kupima.

Mwaka mmoja klabu ya walengaji shabaha wanaoshindana kwa kuteleza thelujini, kutoka ng'ambo ya milima, ilirudisha mitutu ishirini iliyokuwa ikikosa shabaha. Barua yao ilikuwa ya heshima, na hilo ndilo lililotutisha. Bwana Oreste, mwenye karakana, aliteremka mwenyewe mpaka chini, tukio linalotokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua, akasema ikirudi tena mara ya pili atanunua mitutu iliyokwisha kukerezwa kwingine na meza ya mitutu itafungwa. Watu sita wanafanya kazi kwenye meza hiyo. Mmoja wao ni Menega, mwingine ni Tita.

Kila mtu alijua la kufanya: kulaumu visu. Siku mbili zilipita tukijadili visu. Tulibadilisha mafuta ya kukatia. Tulibadilisha pembe ya kunoa. Ivano Pedretti, mkerezaji wa pili na mpwa wa Tita, alipendekeza tubadilishe muuza chuma.

Asubuhi ya siku ya tatu Menega alichukua mtutu mmoja wenye chaki, akaufunga kwenye taya nne, akaingiza saa ndani ya tundu na kuanza kuuzungusha kwa mkono, polepole, hatua chache tu kutoka dirisha la Tita.

"Menega, unafanya nini hapo?" Tita aliuliza bila kugeuka.

"Napima."

"Unapima nini? Huo nimeshaunyoosha."

"Ndiyo maana napima."

Mashine nyingine zilizimwa moja baada ya nyingine. Si kwa sababu ya kusikiliza, bila shaka. Zote ziliisha kazi kwa pamoja.

"Miaka yote nakupa mitutu, mwanamke wewe, leo ndiyo umeamka unanitafuta?"

"Njoo uangalie mshale kwanza, Tita. Halafu nitukane, nitakusaidia maneno."

Tita akaja. Mdomoni mshale ulitulia. Menega akaisukuma ncha ndani zaidi, akazungusha, na mshale ukaanza kwenda na kurudi.

"Mshale wako umelewa," alisema Tita.

"Haya. Nipe ule wako pale juu, uliousifia baa nzima."

Juu ya dirisha la Tita ulitundikwa mtutu alioufanya miaka mingi nyuma, wa maonyesho, ambao wageni walionyeshwa. Ivano aliuteremsha kama aliyebeba sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano. Menega akaufunga, akapima mdomoni, akapima ndani. Mshale haukusogea. Akaurudisha mtutu wa kwanza. Ukayumba vile vile. Akachukua wa pili wenye chaki, wa tatu. Yote iliyumba.

Basi haikuwa saa, wala kisu, wala chuma. Kila mtu alielewa na kila mtu akatazama viatu vyake. Tita alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Hapo Menega, ambaye hatujapata kumwona akimpa mtu yeyote njia ya kutokea, alisema kwa sauti ya chini: "Labda ni dirisha, Tita. Halijaoshwa tangu Pasaka."

"Dirisha nimeliosha Jumatatu," alisema Tita. "Ni mimi. Naona ukungu tangu baridi ianze. Nilidhani ni ukungu wa kweli."

Menega alimwambia Ivano awashe mashine. Walifanya kazi wiki nzima, mtutu kwa mtutu, taya nne, mdomoni na ndani, mpaka mshale utulie. Na kwenye mdomo wenyewe Menega alitumia kisu chake cha chuma alichokinoa kwa jiwe, akikata kutoka tundu kwenda nje ili ukingo usikunjike na kuingia kwenye michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Mitutu ilifupika kwa upana wa kucha. Klabu iliipokea, ikaagiza mingine, na Bwana Oreste akarudi juu, ambako aliwaeleza wateja jinsi alivyoitatua shida.

Tita alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alifanyiwa upasuaji mjini Brescia. Kwa miezi mitatu hakumsalimu Menega, na Menega, akijua kuheshimu huzuni ya mtu, alimsalimu kila asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Jumapili moja Tita alitokea nyumbani kwa Menega bila kualikwa, nyama ikiwa inazunguka motoni na polenta, ugali wetu wa mahindi, inakorogwa. Alikaa, akala kuliko wenyeji, akalalamika kwamba siagi ni kidogo. Kisha akamkazia macho yake mapya.

"Kumbe umezeeka hivi?" alisema. "Na mimi nilikuwa nadhani ni mwanga."

Wanasema hapo ndipo walipopatana.

Tita amerudi dirishani, na vivuli anaviona kuliko kijana yeyote. Lakini ni yeye mwenyewe aliyetoa sharti: kila mtutu wenye chaki yake upimwe ndani, mahali pawili, yeye akiwepo. Menega amefanya hivyo tangu siku hiyo, kila mtutu, na kila mara Tita ameongeza manung'uniko bila malipo. Hakuna uliorudi. Wakati mwingine mshale umeyumba, Tita ametukana, ameuchukua na kuunyoosha upya. Meza iko wazi, na watu sita wanakula.

Haya ndiyo aliyotufanyia Bi Menega. Wenzetu wa ofisini wametuomba tutaje pia tabasamu lake, na tumelitafuta kwa uaminifu. Tumeona tuseme tu kwamba hakuna mtu hapa aliyemfundisha kazi ambaye yeye hakumsahihisha, na hakuna aliyefundishwa naye ambaye hajui kukereza. Anasema atalima bustani. Tunaihurumia bustani.

Bi Menega, asante. Asante kwa mitutu, kwa kelele, na kwa lile dirisha ulilolisingizia uchafu. Tunakuombea afya, miguu isiyouma, mvua ya kadiri, na majirani wanaopenda kusahihishwa. Kopo la biskuti tumelifunga vizuri na liko kwenye mzigo wako. Wageni wakija utakuwa nalo.

Limebaki moja, na linamhusu Ivano, anayeichukua mashine ya Bi Menega. Wiki hii, Bi Menega akiwa anazunguka kuaga watu, mitutu mitatu imefungwa kwenye taya tatu na kukatwa kwa kuiamini chaki, kwa sababu mzee Tita aliamka vibaya na mpwa wake ni mtu mwenye adabu. Tunaielewa adabu hiyo. Sote tumelelewa nayo, na ndiyo iliyoturudishia mitutu ishirini. Oda ya klabu inaondoka mwisho wa mwezi.

Ivano, leo mjomba wako akirudi kutoka kula, chukua mtutu wake wa kwanza na uupime mbele yake.